Kivuli Kipitacho Juu ya Mipaka

Mambo yanayozilazimisha nchi jirani kukesha usiku mmoja kwa kazi moja ni machache, na mengi kati yake ni ya shari. Usiku wa tarehe 3 Juni, 2013, wataalamu wa falaki katika Brazil, Argentina, Uruguay na Chile walikesha kwa sababu nyingine kabisa. Walikuwa wakingoja kivuli.

Kivuli hicho kilikuwa cha gimba dogo la angani liitwalo Chariklo, lililogunduliwa mwaka 1997, ambalo hulizunguka jua kati ya njia ya Zohali na njia ya sayari ya Uranus. Upana wake ni kilomita 250 hivi, na usiku ule lilikuwa umbali wa takriban kilomita bilioni 2 kutoka duniani. Kwa umbali huo hakuna darubini iwezayo kulionyesha umbo lake. Huonekana nukta tu. Lakini gimba la namna hiyo likipita mbele ya nyota, huikinga nuru ya nyota ile, na kwa kuwa nyota iko mbali mno, miale yake hufika ikiwa sambamba. Kivuli kiangukacho duniani huwa basi na upana uleule wa gimba lenyewe. Anayekipima kivuli amelipima gimba, ijapokuwa hajaliona.

Kazi yenyewe, kwa maelezo, ni nyepesi. Walinzi hutawanywa kwenye mstari unaokatiza njia ya kivuli. Kila mmoja huikazia macho nyota ileile, huandika saa ilipozimika na saa ilipowaka tena. Muda wa giza ukizidishwa kwa kasi ya kivuli hutoa urefu wa mstari mmoja uliokata gimba pale alipo mlinzi yule. Mistari ya vituo vingi ikipangwa pamoja, umbo hujitokeza. Kivuli cha Chariklo kilikwenda zaidi ya kilomita 20 kwa sekunde. Aliyekosea saa yake kwa nusu sekunde tu, amelisogeza gimba zima kilomita 10 mahali lisipokuwapo. Askari wanaojua maana ya kulinganisha saa kabla ya operesheni hawahitaji kuelezwa zaidi.

Usiku ule, baadhi ya vituo vilikuwa nje ya kivuli cha gimba, na hapo nyota haikutarajiwa kutikisika hata kidogo. Ikatikisika. Ilififia kwa muda mfupi sana, mara moja kabla na mara moja baada ya wakati wa kivuli. Walioandika jambo hilo wangeweza kulipuuza kuwa ni wingu au hitilafu ya chombo, na laiti kila mmoja angelikuwa peke yake, huenda ingelikuwa hivyo. Lakini taarifa za kituo kimoja zilipowekwa juu ya taarifa za kingine, kutoka nchi mbalimbali, zilikubaliana. Chariklo ilikuwa na pete, kama Zohali. Kamera ya kasi iliyofungwa kwenye darubini ya Denmark huko La Silla, Chile, ndiyo iliyobainisha kwamba pete ni mbili, moja ya upana wa kilomita 7 hivi na nyingine wa kilomita 3 hivi. Matokeo yalitangazwa Machi 2014, na kazi iliongozwa na Mbrazil, Felipe Braga-Ribas. Kabla ya hapo pete zilikuwa zimeonekana kwenye sayari kubwa nne tu. Wagunduzi walizipa pete hizo majina ya utani, Oiapoque na Chuí, mito miwili iliyoko kwenye mipaka ya Brazil, mmoja kaskazini na mwingine kusini.

Si kila mkesha huzaa. Miaka minne baadaye, tarehe ileile ya 3 Juni, wanasayansi wa Marekani na wenzao walitandaza darubini Argentina na Afrika Kusini kukisubiri kivuli cha gimba dogo zaidi, ambalo chombo cha New Horizons kilikuwa njiani kulifikia. Hakuna aliyeona kitu. Hata hivyo, mlinzi aliyekaa mahali pake na kuripoti kwa uaminifu kwamba hakuona adui ametoa habari kamili: hapa hakupita mtu. Kutokana na ukimya ule ilifahamika kwamba gimba lenyewe huenda ni dogo kuliko lilivyodhaniwa.

Wakarudi Argentina, karibu na mji wa Comodoro Rivadavia, katikati ya baridi na upepo mkali wa kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai, 2017, Barabara Kuu ya Taifa Namba 3 ilifungwa kwa saa mbili ili taa za magari zisiharibu giza. Taa za mitaani zilizimwa. Malori yaliegeshwa kuzikinga darubini na upepo. Kufunga barabara kuu ya taifa kwa ajili ya nyota moja ni amri ambayo polisi yeyote wa usalama barabarani angeiuliza mara mbili, ilitolewa, ikatiiwa. Darubini 24 zilikuwa zimepangwa, na 5 zilikiona kivuli.

Mistari hiyo mitano ilidokeza kwamba gimba halikuwa duara, na huenda lilikuwa vipande viwili vilivyogusana. Agosti 2018 kazi ilirudiwa Senegal na Colombia. Senegal ilikuwa katika majira ya mvua, na wanafalaki wa nchi hiyo walikesha bega kwa bega na wageni. Tarehe 1 Januari, 2019, New Horizons ilipita umbali wa kilomita 3,500 hivi kutoka kwenye gimba hilo, ambalo sasa huitwa Arrokoth, na picha zilizorudi zilionyesha madonge mawili yaliyoshikamana.

Leo makadirio ya njia za vivuli ni sahihi zaidi, kwa sababu setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia, iliyorushwa Desemba 2013 na kuzimwa Machi 2025, ilipima mahali pa nyota zaidi ya bilioni moja. Njia hujulikana mapema. Kinachobaki ni watu wa kusimama chini yake, kila upande wa mpaka, saa zao zikiwa sawa.