Hasira: Safari ya Neno Moja



Neno ninalolileta mbele yenu jioni hii mnalijua tangu utotoni: hasira. Asili yake ni Kiarabu, hasra, lakini huko halina maana ya kughadhibika. Ni majuto, uchungu wa jambo lililokwisha kupita na lisiloweza kurudishwa. Katika Surat Maryam, aya ya 39, Siku ya Kiyama imeitwa kwa neno hilohilo, na mfasiri akiandika "siku ya hasira" atakuwa amepotosha. Mzizi wake umebeba pia maana ya kuchoka: Surat al-Mulk inataja jicho linalorudi likiwa hoi kwa kutazama.

Neno hili halikuja kwetu tu. Waajemi walilichukua, likafika hadi kwa Waturuki na wasemaji wa Kiurdu. Kwao hasret na hasrat ni hamu isiyotimia, kiu ya mpenzi aliye mbali. Kwetu likawa ghadhabu.

Kwa nini? Ghadhabu lenyewe tunalo, nalo ni la Kiarabu, ila tumelipandisha cheo: ni la Mungu, la wafalme, la bahari iliyochafuka. Hasira limebaki la nyumbani. Mimi naamini lilipitia mlango wa uchungu, neno letu la Kibantu. Dawa ina uchungu, mzazi hushikwa na uchungu, mfiwa ana uchungu, na anayesema "nina uchungu naye" ujue amekasirika. Mtazameni mtoto aliyesusa: amejikunyata barazani, wali wake umepoa, mama anaita haitiki. Tunasema ana hasira, na machozi yako karibu kuliko ngumi. Majuto ya kale bado yamo humo.

Linalonisumbua ni sarufi yake. Hasira humpanda mtu, humshika, kama pepo. Mwenyewe huwa ametendwa tu. Ndipo magazeti yetu, Tanzania na Kenya, yakieleza habari za mtu aliyepigwa hadi kufa kwa kudhaniwa mwizi, huandika kwamba aliuawa na "wananchi wenye hasira kali". Marehemu anatajwa kwa kosa ambalo hakuna mahakama iliyolithibitisha; waliomuua wanatajwa kwa hisia zao, tena kwa neno lenye huruma ndani yake, maana kila msomaji amewahi kupandwa na hasira. Utetezi umetolewa kabla ya kesi kufunguliwa. Nawasihi wanafunzi wa uandishi wa habari mlioko ukumbini mliache neno hilo mnapoandika habari kama hizo. Andikeni wauaji. Mara nyingine maiti hukutwa imechomwa moto, na huo moto uliandaliwa. Mtu aliyekwenda kununua petroli, akalipa, akasubiri chenji, akarudi nayo, hakupandwa na kitu.