Baiskeli ya Mwinjilisti: Ni Kazi ya Mikono ya Nani?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya washarika katika juma la maadhimisho ya miaka 100)



Kamati ya kitabu ilinikabidhi kazi ndogo: kuandika maelezo ya picha ya ile fremu ya baiskeli iliyohifadhiwa katika stoo ya kanisa. Wengi wetu tulikua tukisimuliwa kwamba iliundwa kwa mkono huko Ujerumani, ikaletwa na wamisionari wa Berlin kabla ya vita vya mwaka 1914. Haina nembo wala jina. Nami nilikuwa tayari kuyaandika hayo.

Hata hivyo, fundi mmoja wa baiskeli hapa Morogoro alinionya kwamba nembo hung'oka na rangi hupakwa upya, lakini chuma chenyewe husema. Tukakichunguza pamoja.

Kwanza, uma wa mbele. Kila upande una mabomba mawili membamba badala ya moja nene. Hiyo ni alama mashuhuri ya baiskeli za Humber za Uingereza.

Pili, mahali inapopita ekseli ya pedeli. Baiskeli nyingi za Kiingereza zina nyuzi 24 za skurubu kwa inchi moja. Hii ina 26, kipimo cha kiwanda cha Raleigh cha Nottingham. Raleigh walinunua biashara ya baiskeli za Humber mwaka 1932. Basi fremu hii ni ya baada ya mwaka huo, nayo ilifika Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza.

Tatu, kiungo kilicho chini ya kiti. Viungio vingine vyote ni laini; hiki kina donge la shaba lililosawazishwa kwa tupa. Donge hilo ndilo lililotufanya tuamini kwamba fremu nzima iliundwa kwa mkono. Kumbe ilivunjika, na fundi akaichomelea.

Nilipowapelekea wazee wetu habari hizi nilihofia kuwahuzunisha. Mmoja alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba aliyeipanda alikuwa mwinjilisti, mwenyeji wa huku. Aliiendesha njia ya Kiroka hadi Matombo akiwa na vitabu na mzigo wa mahindi, na mlima uliposimama aliibeba begani.

Ndugu zangu, simulizi letu lilimpa mgeni safari zilizotembewa na mtu wetu. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Tulidhani tu kwamba kitu cha thamani lazima kiwe kimetoka mbali na kumilikiwa na mkubwa.

Kwa hiyo, chini ya picha nimeandika hivi: "Baiskeli ya mwinjilisti. Imetengenezwa Nottingham baada ya mwaka 1932. Imeungwa upya na fundi."