Bei ya Kijitabu na Hofu ya Mfalme



Wapo wanaoamini kwamba ufalme wa Uingereza uliwavumilia wakosoaji wake kwa uungwana. Historia ya vijitabu vya siasa nchini humo yaonyesha vingine. Kilichowatia wakuu hofu zaidi ya hoja yenyewe kilikuwa bei yake.

Mwaka 1791 Thomas Paine alichapisha sehemu ya kwanza ya kitabu chake, Rights of Man, yaani Haki za Binadamu. Humo alipinga utawala wa kurithi. Kitabu kiliuzwa shilingi 3, bei ambayo kibarua hakuimudu, na Serikali haikumshtaki. Mwaka 1792 ilitoka sehemu ya pili, kisha matoleo ya peni 6, nusu shilingi tu. Mafundi na wafumaji wakaanza kusomeana. Hapo Serikali ikazinduka. Mwezi Mei Mfalme George wa Tatu alitoa tangazo dhidi ya maandishi ya uchochezi. Desemba Paine, aliyekwisha kwenda Ufaransa, akatiwa hatiani bila ya kuwapo mahakamani. Mwanasheria Mkuu mwenyewe alieleza kwamba sehemu ya kwanza aliiacha kwa kudhani ingesomwa na watu wenye busara peke yao. Maana yake ni wazi: yaliyokuwa halali mkononi mwa bwana yaligeuka uhalifu mkononi mwa mvuja jasho.

Baadaye kodi nayo ilifanywa silaha. Mwaka 1815 ushuru wa stempu ulipandishwa hadi peni 4 kwa kila nakala ya gazeti. Mwaka 1819 ukatozwa hata vijarida vya habari vilivyouzwa chini ya peni 6.

Hata hivyo wanyonge hawakunyamaza. Desemba 1817 William Hone, muuza vitabu maskini wa London, alishtakiwa mara tatu katika siku tatu mfululizo kwa vijitabu vilivyoiga sala za Kanisa ili kuwadhihaki wakubwa. Alijitetea mwenyewe, na mara zote tatu raia 12 walioketi kuamua kesi walimwona hana hatia.

Ushuru ule ulifutwa mwaka 1855. Ufalme ungalipo hadi leo, lakini uhuru wa kuusema haukuwa zawadi ya mfalme yeyote. Uligharimu vifungo vya wachapaji na wauza vitabu, nao ulipata nguvu pale mnyonge alipoweza kukinunua kijitabu na kukisoma mwenyewe.