Gharama ya Siku za Kusubiri: Uchaguzi na Uchumi wa Kenya



Tukiulizwa uchaguzi huigharimu Kenya kiasi gani, wengi wetu hukimbilia bajeti ya tume ya uchaguzi. Mwaka 2022 ilipita shilingi bilioni 40, nazo si haba. Hoja yangu ni kwamba hasara kubwa haimo humo. Imo katika siku zilizopo baina ya kura kuhesabiwa na matokeo kukubalika.

Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya urais yalitangazwa, na rais akaapishwa jioni ileile. Raia hakuwa na njia ya kujihakikishia hesabu ya kituo chake. Katika ghasia zilizofuata, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na zaidi ya laki sita wakahama makwao. Reli iling'olewa Kibera, barabara za kwenda Malaba, mpakani na Uganda, zikazibwa, na Kampala na Kigali zikaishiwa mafuta kwa ugomvi usiowahusu. Uchumi uliokua kwa takriban asilimia 7 mwaka 2007 haukufikia asilimia 2 mwaka 2008. Ni kweli, mwaka huo ulikuwa pia na mvua haba na msukosuko wa fedha duniani. Siubebeshi uchaguzi mzigo wote. Lakini watalii waliofuta safari za Pwani mwezi Januari hawakuwa wakikimbia ukame.

Katiba ya 2010 iliweka mwisho wa kusubiri: siku 7 za kuwasilisha kesi ya kupinga matokeo ya urais, siku 14 za kuiamua. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais, soko la hisa la Nairobi lilisimamisha biashara kwa muda, na wapo waliodai majaji wameuumiza uchumi. Sikubaliani nao. Soko lilifunguliwa tena siku hiyohiyo. Kilichopasa kututisha ni marudio ya Oktoba, ambapo waliopiga kura walikuwa chini ya asilimia 40, ilhali Agosti walikaribia asilimia 80.

Mwaka 2022 tume iliweka mtandaoni fomu 34A, zenye hesabu ya kura ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya elfu 46. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, jambo ambalo mwaka 2007 lingewasha moto. Safari hii kila mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe, mahakama ikaamua kesi ya urais tarehe 5 Septemba, na malori yakaendelea kwenda Malaba. Kwa maoni yangu, fomu ile ina thamani kwa biashara sawa na barabara.

Hata hivyo, tuliiacha tume bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, na vyama vya wafanyabiashara, ambavyo hupiga kelele kodi inapopanda nusu asilimia, havikupaza sauti ya kutosha. Ombi langu kwa viongozi wao walio ukumbini: dai la fomu zote kuwekwa wazi Agosti 2027 liingie katika mapendekezo mnayopeleka Hazina na Bunge kila mwaka, kuanzia bajeti ijayo.