Umelipia, Wamekata: Somo la Uhuru Kutoka Kwenye Gemu la Kompyuta



Mada ni uhuru wa mtandaoni, na najua wengi mlitegemea nianze na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Tutafika huko. Naomba nianzie Ujerumani, kwenye gemu la kompyuta. Msicheke, kuna sheria nzito humo.

Mwaka 2017 lilitoka gemu linaitwa Wolfenstein II: The New Colossus. Mchezaji anapambana na Wanazi walioiteka Marekani. Katika nchi nyingine nyingi watu walipata gemu zima. Mjerumani aliyelipia na kulipakua alipewa toleo lake: alama za swastika zimefutwa, Wanazi wamebatizwa "Utawala", na Hitler kanyolewa masharubu. Jamani, Hitler bila masharubu! Kibaya zaidi, wakosoaji walilalamika kwamba hata habari za Wayahudi zimefifishwa. Yaani gemu la kupinga Unazi linaficha Wanazi ni nani na walimwonea nani.

Kwa nini? Kifungu cha 86a cha sheria yao ya jinai kinakataza alama za vikundi vilivyo kinyume cha katiba. Lengo ni jema, hakuna ubishi. Tena sheria hiyo hiyo inaruhusu alama hizo kwenye sanaa, utafiti na elimu, ndiyo maana filamu zilizionyesha. Ila mwaka 1998 mahakama ya Frankfurt, kwenye kesi ya gemu la zamani, Wolfenstein 3D, haikulipa gemu nafasi hiyo. Tangu hapo kampuni zikawa zinajikatia zenyewe. Hakuna askari aliyeingia ofisini kumnyoa Hitler. Woga ndio ulioshika mkasi.

Agosti 2018, USK, chombo kinachopanga umri wa wachezaji, kikatangaza kwamba kitaangalia kila gemu kwa mazingira yake. Makamanda, sheria haikubadilishwa hata nukta. Kilichobadilika ni jinsi inavyosomwa, baada ya watu kubishana kwa hoja miaka mingi. Mwaka 2019 toleo kamili la Wolfenstein II likaanza kuuzwa Ujerumani.

Sasa swali la mnunuzi: aliyelipia mwanzo, anaweza kurudisha mwenyewe vilivyokatwa? Ukinunua gemu mtandaoni, mara nyingi unachopewa ni leseni. California, tangu Januari 2025, muuzaji haruhusiwi kuandika "nunua" bila kukwambia hilo wazi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2012, kesi ya UsedSoft na Oracle, ilisema programu uliyopakua na kulipia bila kikomo cha muda imeuzwa, basi unaweza kuiuza tena. Oktoba 2024, kesi ya Sony na Datel, ikasema programu inayobadilisha data za muda tu kwenye kumbukumbu ya mashine, bila kugusa msimbo wa gemu, haivunji ulinzi wa hakimiliki ya programu. Hii haikupi ruhusa ya kusambaza faili za kampuni, wala haifuti jinai. Lakini inaonyesha kwamba mnunuzi naye ana cha kusema juu ya kilichomo kwenye mashine yake.

Hayo yanatuhusu vipi? Kanuni zetu za mwaka 2018, na zile za 2020 zilizofuata, zilikuja na lugha nzuri: maadili, usalama, heshima. Ni nani atapinga maadili? Halafu angalieni mnavyoandika. Mtu anaandika posti, anaisoma mara mbili, anaifuta. Hakuna aliyemwamuru. Na Ibara ya 18 ya Katiba inampa haki ya kutoa maoni na pia ya kupokea habari. Posti ikifutwa, anayeandika kapoteza, na anayesoma kapoteza pia.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kabla hujajikatia, uliza: ni kanuni ipi inanikataza, na inasemaje kwa maneno yake? Kama huijui, isome. Ukiisoma usiielewe, lete kwetu tunaosoma sheria, tukae nayo mezani. Na kama ni mbovu, tuipinge mahakamani na kwa hoja, hadharani, kwa majina yetu.