Kilo 25 Kwenye Tope: Uzito wa Deraya na Mapigano ya Agincourt, 1415



Wengi wetu tukisikia deraya ya Ulaya tunamwona mtu aliyefungiwa ndani ya chuma, asiyepanda farasi mpaka ainuliwe kwa winchi, na akianguka haamki. Filamu zimeikuza sana picha hiyo. Si ya kweli, na madhara yake darasani ni makubwa: inatupa jibu rahisi, lisilo sahihi, kila mwanafunzi anapouliza kwa nini Wafaransa walishindwa na Waingereza kule Agincourt tarehe 25 Oktoba 1415.

Tuanze na mizani. Deraya kamili ya mabamba, ya kwenda nayo vitani, ilikuwa na kilo 20 hadi 25 hivi: nusu mfuko wa saruji. Upanga wa mkono mmoja ulikuwa na kilo moja na kitu. Zile deraya za kilo 40 na zaidi ni za mashindano ya mikuki, ambako mtu alikaa juu ya farasi kwa muda mfupi. Tena mabamba yalifungwa kila kiungo kivyake, uzito ukagawanyika mwilini badala ya kuning'inia mabegani kama fulana ya pete za chuma. Wasifu wa Boucicaut, jemadari wa Ufaransa, unasimulia kwamba aliweza kupinduka hewani akiwa na deraya yote isipokuwa chapeo.

Kasoro ilikuwa miguuni. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds waliwavisha watu waliozoea deraya na kuwapandisha kwenye mashine ya kukimbilia. Kutembea kulikula nguvu zaidi ya maradufu. Mguu uliofungwa chuma unainuliwa na kurushwa mbele kila hatua, kilo zake zikigharimu kuliko zile za kifuani. Na kifua kilichobanwa hakivuti pumzi ndefu.

Sasa mpelekeni mtu huyo Agincourt. Usiku kucha mvua ilinyesha. Shamba lilikuwa limetoka kulimwa, na farasi walikwisha kulivuruga. Wafaransa wakalivuka kwa miguu, vichwa wameinamisha ili mishale isipenye matundu ya macho, huku misitu ya pande mbili ikiwabana wazidi kusongamana. Bamba zuri la kifua liliweza kuuhimili mshale; farasi, viungo na uso havikuweza. Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya mishale siku ile ilikuwa kuwachosha na kuwasukumiza pamoja kuliko kutoboa chuma.

Walifika wakihema, wamebanana hata mkono wa kuinua silaha hauna nafasi. Hapo wapiga mishale wa Mfalme Henry wa Tano wa Uingereza, wengi wao wakiwa na nguo nyepesi, wakaweka pinde chini na kuwaingilia kwa panga, mashoka na nyundo walizopigilia vigingi. Aliyeangushwa hakuzuiwa kuamka na deraya yake. Alizuiwa na tope na wenzake walioanguka juu yake. Boucicaut, yule wa kupinduka hewani, alikamatwa siku hiyo, akafia mateka Uingereza mwaka 1421.

Kwa hiyo nawaomba, walimu wenzangu wa historia, tunapofundisha vita hivi, ramani ya shamba lile itangulie picha ya deraya.