Pumzi, Koo na Ulimi: Utengenezaji wa Sauti katika Runyambo

Runyambo ni lugha ya Kibantu inayozungumzwa katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Kyerwa yenyewe ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Lugha hii ina undugu wa karibu na Kihaya na pia Runyankore ya Uganda. Kimaumbile, Mnyambo hana kiungo cha kusemea asichonacho Mswahili wa Lamu au Mjaluo wa Kisumu. Lugha hutofautiana kwa namna zinavyovipangia viungo hivyo zamu: kipi kianze, kipi kifuate, na kila kimoja kishike nafasi yake kwa muda gani.

Pumzi

Mtu anapopumua akiwa ametulia, kuvuta hewa huchukua takriban asilimia 40 ya muda wa kila pumzi. Anaposema, hewa huvutwa haraka, kwa takriban asilimia 10 tu ya muda huo, kisha hutolewa polepole. Kiwambo hushuka, mbavu hutanuka na mapafu hujaa. Baada ya hapo kifua hutaka kurudi mahali pake kwa nguvu zake chenyewe; misuli iliyo kati ya mbavu hukizuia kisinywee ghafla, na hivyo msukumo wa hewa hubaki karibu uleule hadi mwisho wa kauli.

Koo la sauti na toni

Juu ya bomba la hewa kuna kisanduku cha gegedu kinachobeba nyuzi mbili za sauti. Manuel García, mwalimu wa uimbaji, alizitazama kwa kioo kidogo mwaka 1854 zikiwa kazini ndani ya koo la mtu hai. Nyuzi zikikaribiana, hewa huzisukuma zikaachana. Unyumbufu wake na kupungua kwa msukumo wa hewa inayopita kasi huzirudisha pamoja. Mzunguko huo hutokea takriban mara 120 kwa sekunde kwa mwanamume na mara 200 hivi kwa mwanamke. Kwa watoto wadogo huweza kufika 300.

Sauti hupanda hasa pale msuli mmoja mdogo, ulio mbele ya koo, unapoinamisha gegedu na kuzivuta nyuzi zikakazika. Katika Kiswahili mvuto huo huonekana katika mkazo na kiimbo cha sentensi. Katika Runyambo, ambayo ni lugha ya toni, unafuata kanuni za neno na kirai. Lee Bickmore, aliyeandika tasnifu juu ya jambo hili mwaka 1989, alionyesha kwamba neno *abakózi*, yaani wafanyakazi, hubeba toni ya juu kwenye silabi ya *ko*. Likifuatwa na kitenzi, kama katika *abakozi bákajúna*, wafanyakazi walisaidia, toni hiyo huondoka. Kivumishi kikiingia kati, *abakozi bakúru bákajúna*, nomino bado hupoteza toni yake lakini kivumishi hubaki na ya kwake. Kwa hiyo koo hupata agizo lake kutokana na muundo wa kirai kizima, kabla neno linalofuata halijatamkwa.

Midomo na kaakaa laini

Mahali ambapo Kiswahili kina *kupa*, Runyambo ina *okuha*. Midomo, ambayo zamani ilifungwa ili kutamka *p*, siku hizi haifungwi; imebaki pumzi ya kooni peke yake. Hata hivyo, katika *mpa*, yaani nipe, *p* ipo palepale. Ili kutamka *m* midomo hufungwa, na kaakaa laini huwa limeshuka ili hewa ipite puani. Kaakaa likipanda huku midomo ikiwa bado imefungwa, hewa hukwama na *p* hutokea. Nazali imeihifadhi sauti ambayo kwingine imepotea.

Nazali hugusa pia irabu inayoitangulia. Katika *omuntu*, *u* iliyo kabla ya *nt* hutamkwa kwa muda mrefu kuliko irabu fupi ya kawaida, ingawa maandishi hayaonyeshi hivyo. Kathleen Hubbard alipima muda wa irabu za namna hii katika Runyambo na Luganda, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1995.

Ulimi

Ncha ya ulimi ikigusa ufizi mara moja na kuachia, husikika *r*. Ikibaki imegusa huku hewa ikipita pembeni, husikika *l*. Umbali kati ya mienendo hii miwili ni mdogo sana. Lugha nyingi za eneo la Maziwa Makuu hazitenganishi maneno kwa tofauti hiyo, ndiyo maana mzungumzaji wake anaweza kuchanganya *kalamu* na *karamu* anaposema Kiswahili, ilhali ulimi wake ni mzima kabisa.

Neva

Misuli mingi ya koo la sauti huongozwa na neva inayoteremka hadi kifuani na kupanda tena. Ile ya kushoto huzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Ikijeruhiwa, sauti hukwaruza au hufifia. Msuli unaopandisha sauti una neva yake, inayopita karibu na tezi ya shingo, nayo neva hiyo huweza kuumia wakati wa upasuaji wa tezi hiyo. Mgonjwa wa namna hiyo huweza kusema bila kukwaruza, lakini hupata taabu kupandisha sauti. Kwa msemaji wa lugha ya toni, hasara hiyo huingia hadi ndani ya neno lenyewe.